Sentensi ya Ndagala

Noella mdogo wangu,

Huku Rugenge tuko. Ziwa limerudi nyuma kidogo, na mke wangu Félicité amepona malaria.

Unasema utachoma kaye yako, daftari zima, kwa kuwa hadithi imekukataa. Usichome. Yangu, ya mafuriko yaliyomchukua Mama, nimeiandika mara saba. Mara sita niliandika kwamba alienda ufukoni kwa hiari yake kuanua ndagala, wale dagaa tuliowaanika, na mara sita sentensi hiyo haikusimama. Nilibadilisha mvua, nikabadilisha kitenge chake, bure. Mara ya saba nimemwacha aseme alivyosema mlangoni: "Maji iko mingi, Aimé." Nami nikamjibu bila kuinua kichwa: "Enda tu, Mama, minye niko naandika."

Sasa inasimama. Nimekutumia. Ukimaliza kuisoma, kama bado mimi ni kaka yako, nijibu.

Aimé