Imbwa Yenye Kuitwa Akonkwa

Kambi ya Dzaleka, siku ya ine, asubuhi

Kwa Yaya Faida,

Jambo sana Yaya. Mmeamkaje huko kwetu? Mugongo wako unaendelea namna gani, na mguu wa Mama bado unavimba kila mvua ikitaka kunyesha? Sisi tuko, tunapumua. Asifiwe amekuwa mrefu, gauni yake ya mwaka jana imegeuka blauzi. Mi nimekonda, lakini Mama umwambie nimenona.

Utajiuliza juu ya nini naandika kwa karatasi kama bantu ba zamani na simu iko. Nimejaribu kukutumia sauti mara tatu. Kila mara nafika katikati, nalia, nafuta. Sasa nimekaa nyuma ya mashini yangu ya kushona, nimepasua karatasi za daftari ya mtoto, na jirani yangu Chantal atazipiga picha akutumie kwa simu yake. Soma ukiwa peke yako. Na usome mpaka mwisho mbele ya kunikasirikia.

Yaya, nimeharibu. Ile safari yetu ya kwenda kuishi inchi ingine, ile nilikuambia wametuita kwa maojiano kisha kungoja miaka yote hii, imesimama. Imesimama juu ya imbwa.

Cheka kwanza. Mi pia nilicheka, na kicheko kile kinanigharimu mpaka leo.

Tulipokuwa tungali Lilongwe, kule Area 36, imbwa ya mama mwenye nyumba ilizaa. Asifiwe alikuwa analala vibaya, anashtuka kila mlango ukigongwa, na mi kutwa nzima niko soko ya Tsoka nabadilishia bantu zipu za suruali. Yule mama, Mmalawi wa roho nzuri, akasema: chukueni kamoja, kakae na mtoto. Kambwa kadogo, Yaya! Miguu mifupi, masikio yameanguka, rangi ya majivu. Bukavu kitu kama kile hakingepewa hata mfupa. Hakabwekei mwizi, kanabwekea mvua.

Tukatafuta jina. Nikasema Simba, Asifiwe akanitazama tu. Nikasema Bobi. Akajibu kwamba Bobi wako wengi mtaani, ukiita mmoja wanakuja wote. Nikasema basi Sambaza, juu ni kadogo na kanang'aa kama sambaza, zile samaki ndogo za ziwa letu. Hapo alicheka kidogo, lakini akakatala, ati hilo ni jina la chakula, kataogopa kuliwa. Siku tatu kakakaa bila jina. Siku ya ine niko nashona, nasikia mtoto anaita uani: "Akonkwa! Akonkwa, kuya!" Na kale kambwa kakaenda mbio.

Nilitoka nikamzaba kofi. Sikuwa nimempiga hata siku moja tangu azaliwe. Nikamwambia kwetu imbwa haiitwi jina la muntu, tena hilo ni la mdogo wako, baba yenu njo alimpa kwa kinywa chake mbele afe. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akasema: "Mama, lakini hakuna mwenye analiita tena."

Nilipaswa kukatala, najua, na we ungekuwa hapa ungekatala. Lakini kesho yake niko nasugua sufuria, nikasikia kinywa changu mwenyewe kinasema: "Akonkwa, kuya ukule." Yaya, unajua ni miaka ngapi sijayasema yale maneno? Yalikuwa matamu. Nikaacha jina likae.

Kisha serikali ikasema wakimbizi wote barudi kambini. Tukarudi Dzaleka, mashini kichwani, Akonkwa ndani ya kikapo. Hapa chakula chenye kugawiwa kinapungua kila wakati, wateja wangu wote wamebaki Lilongwe, na kutoka kambi ni mpaka uombe ruhusa. Kwa hiyo tulipoitwa maojiano nilifunga na kuomba siku mbili. Nilisema mlango njo huu.

Pale ofisini walimchukua Asifiwe peke yake chumba kingine, ni desturi yao, pamoja na mkalimani mmoja mtu wa Uvira. Wakamuuliza: nyumbani mko bangapi? Akajibu: batatu, Mama, mimi na Akonkwa. Akonkwa yuko wapi leo? Mama amemfungia ndani asitufuate. Anakula nini? Tukimaliza sisi, anakula yenye imebaki. Analala wapi? Chini ya kitanda, lakini kukiwa baridi Mama anamruhusu kupanda. Anasoma? Hapana, Mama anasema hana akili hata ya kujua mvua.

Hakuna neno hata moja la bongo, la kudanganya, Yaya. Mtoto alisema ukweli mtupu.

Wakaniita mimi. Mama mmoja wa miwani akafungua dosie yangu ya zamani, akasema: hapa uliandikisha kwamba mtoto wako wa kiume, Akonkwa, alikufa Bukavu. Sasa binti yako anasema anaishi na unamfungia nyumbani. Ni nini hii?

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, Yaya, mbele ya muntu mwenye kushika maisha yetu. Nikasema, mama, ile ni imbwa! Mkalimani akanigeukia: "Mama, nitafsiri hivyo kweli?" Nikamwambia tafsiri. Alipomaliza, yule mama akaweka kalamu chini. Akasema tangu aanze kazi hajaona mzazi mwenye kuipa imbwa jina la mtoto wake marehemu. Akasema wako bantu wanaficha batoto, wengine wanaongeza, wengine wanapunguza, na kila mmoja ana hadithi yake. Kisha akaniuliza pole pole: "Ulimwona akizikwa?"

Sikumwona, na we njo shahidi. Homa ya siku tatu, risasi huku na huku, dispensari imefungwa. We ulitoka chumbani ukaniambia: "Amekwisha, Nabintu. Shika huyu mwenye angali nawe, muende. Yule mi nitamlaza." Nikamfunga Asifiwe mugongoni nikaenda. Mkalimani akarudilia swali. Nikasema sikumwona, dada yangu njo alimzika. Yule mama akaandika ukurasa mzima. Akasema dosie itangoja, na siku moja watafika nyumbani kuiona hiyo imbwa.

Kurudi nikamweleza Chantal. Ni Mnyarwanda mwenye alipitia kwetu Kongo, ananipenda sana, lakini kinywa chake hakina mlango. "We iko mujinga! Toa ile jina leo leo! Wakikuta unaita imbwa jina la marehemu watasema uko wazimu, na wazimu hapandishwi ndege." Nikamwamini. Muntu mwenye kuzama hachagui wa kumshika mkono.

Nikarudilia lile jina lenye lilimchekesha mtoto. Nikamwambia Asifiwe, tangu leo inaitwa Sambaza. Nikiita Sambaza na ikakuja, naipa ukoko wa nsima, ule ugali wa huku. Nikiita Akonkwa na ikainuka, naichapa na mwiko. Kila siku, asubuhi na jioni, majuma mawili. Yaya, nilikuwa nachapa na nalia. Unainua mwiko, na jina lenye umetoka kuita bado liko mdomoni. Asifiwe aliacha kabisa kuiita. Mimi pia aliacha kuniambia habari, ikabaki "ndiyo Mama" na "hapana Mama". Lakini imbwa ilishika. Kumbe iko na akili.

Nilipoona imeshika, nikajisifu kwa Pasta wetu siku alipopita kutusalimia. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mama Asifiwe, umefanya nini! Ile jina njo ilikuwa ushahidi wako! Wangeita Akonkwa, imbwa ikakuja, mambo yakaisha pale pale. Rudisha!"

Rudisha. Kana kwamba jina ni kofia. Hata hivyo nilianza ile jioni, na ukoko, kwa sauti laini. Na kesho yake asubuhi nikasikia mlangoni: "Odi!"

Walikuja wawili, yule mama wa miwani na mkalimani. Wakahesabu sahani. Wakatazama nguo za kwenye kamba, kama ziko za mtoto wa kiume. Wakainama chini ya kitanda. Sikuona ubaya wowote kwa yule mama, Yaya, niseme ukweli. Nafikiri alitaka kunisaidia. Alichuchumaa mwenyewe na sketi yake nzuri, akanyoosha mkono, akaita: "Akonkwa! Akonkwa!"

Imbwa ikaweka mkia katikati ya miguu, ikaingia chini ya kitanda.

Nikaita mimi. "Akonkwa, kuya baba. Kuya." Ilikuwa kule chini inatetemeka, inatazama mkono wangu kama kuna mwiko. Asifiwe akapiga magoti akaita, mara ya kwanza tangu nilipomkataza. Hata yeye ikamkatalia. Na Chantal, Mungu amsamehe, alikuwa amesimama dirishani roho inamuuma juu yetu, akashindwa kuvumilia. Akapaza sauti: "Sambaza!" Ikatoka mbio, mkia unacheza, ikamrukia yule mama kwa magoti.

Yule mama akasimama, akapangusa sketi. "Hii ni Sambaza," akasema. "Akonkwa yuko wapi?"

Yaya, nilianguka chini. Nikapiga kelele kwamba mtoto wangu amekufa, amekufa, mbona hamtaki afe! Asifiwe alikuwa ananisikia. Hakuna mama mwenye angepaswa kupigana ili bantu bakubali kwamba mtoto wake hayuko. Mi nilipigana, na sikushinda.

Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wanataka karatasi yenye kuonyesha kifo cha Akonkwa, ya parokia ama ya shefu wa kartie, ule mtaa wetu, yenye muhuri, na picha ya kaburi lenye jina. Bila hivyo watafunga dosie, na ikifungwa haifunguliwi tena. Asifiwe ana miaka minane. Nikimtazama namuona ana miaka ishirini, angali hapa, anapanga mustari na sahani.

Kwa hiyo nakuomba, Yaya, kwa maziwa ya mama mmoja. Enda kwa padri, umwambie afungue kitabu cha mwaka ule. Kama hawakuandika, na siku zile nani alikuwa na nafasi ya kuandika, enda kwa shefu wa kartie na bantu wawili wenye walikuwa kwa mazishi. Kisha enda kaburini na simu. Kama musalaba umeoza, weka mwingine, andika jina vizuri, lisomeke.

Imbwa sasa haina jina. Akonkwa inaiogopesha, na Sambaza mi siwezi tena kuisema. Tunaipigia ulimi tu, inakuja. Nimeiomba radhi, usicheke, niliketi chini nikaiomba radhi. Asifiwe anasema mama mukubwa wake njo atachagua, na kwamba lile utaleta we atalikubali bila kubishana. Fikiria moja lenye halina muntu.

Msalimie Mama, lakini habari ya imbwa usimfikishie, itamuua. Msalimie mama wa kwaya mwenye alikuwa ananipa makala ya kupikia kwa deni na hakunidai. Msalimie sana shemeji. Nimetaka kumuuliza mara nyingi, yeye kama seremala, kama alipiga misumari kwa kale kasanduku ka mtoto kwa mkono wake, na aliweka mbao gani. Hajawahi kuniambia. Na we hujawahi kuniambia.

Yaya, sasa niseme lenye liliniketisha kuandika. Siku ile nilitaka kufunua kitenge chenye ulimfunika Akonkwa, nimwone, ukanishika mkono. Ulisema usifunue, hutaweza kutembea. Nikatii, juu we ni mukubwa. Tangu yule mama wa miwani aniulize, ule mkono wako ninausikia hapa kwenye kifundo changu cha mkono mchana na usiku. Barabara ilikuwa ndefu. Mtoto mgonjwa hangefika, na nikibaki naye, Asifiwe pia angekufa. Ningekuwa mahali pako, pengine ningetoka chumbani na kusema neno lile lile, hata kama alikuwa angali anapumua.

Kama ulifanya vile, sitakukasirikia. Naapa mbele ya Mungu. Sitauliza miaka hii yote ulininyamazia juu ya nini.

Kama kaburi liko, nitumie picha, tuende. Kama haliko, achana na padri, achana na shefu, ofisi wafunge dosie yao. Nipigie tu simu, Yaya, na umpatie mtoto wangu aishike.

Mimi mdogo wako mwenye kukungojea,
Nabintu