Bega la Munir

Jumatatu, 4 Machi 2024
Leo kampuni imetupeleka Voi kupimwa masikio, sisi akina mama wa korona — ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Nimeomba siku nyingi nihamishiwe uwanjani, kuanika nyuzi, kabla masikio hayajaisha kabisa. Meneja alisema, daktari akiandika una shida, utahama. Basi nilikwenda na maombi.

Unaketishwa kwenye kibanda chenye kioo, unavalishwa hedifoni. Ndani kuna mvumo, kama mvua juu ya mabati. Katikati ya mvumo unakuja mlio. Ukianza, bonyeza kitufe. Ukiisha, achilia. Kijana wa kupima anaitwa Munir. Mpole, mwenye adabu.

Nikabonyeza. Nikaachilia. Mwishowe akatabasamu: mama, masikio yako ni ya msichana.

Karatasi imeandikwa mazima. Mazima vipi, Mungu wangu? Rita mwanangu ananiita kutoka jikoni mpaka aje anishike mkono.

Jumanne, 5 Machi
Nimeelewa. Tulikuwa kwenye korona, Kalondu upande wa pili akaniambia chai iko tayari. Sikusikia hata neno. Nilimsoma midomo. Ndivyo tunavyoongea pale miaka yote — midomo, vidole, mabega.

Na jana, kupitia kile kioo, nilimwona Munir. Bega lake lilishuka kidogo kila akiwasha mlio. Likipanda, naachilia. Sikukusudia. Macho yamezoea kazi ya masikio.

Nimefaulu kwa sababu mimi ni kiziwi.

Jumapili, 10 Machi
Wimbo wa toba. Tuliimba tumefumba macho. Wenzangu walimaliza. Mimi nikaendelea — peke yangu, kanisa zima.

Mwalimu wa kwaya, Mwandawiro, alinivuta kando. Mama Rita, pumzika kidogo, kaa na waumini. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Naimba alto tangu kabla ya Rita kuzaliwa.

Bwana, hata hii?

Jumatano, 13 Machi
Rita amempigia Munir simu, amemwambia mama hasikii, mpime tena. Amekubali. Kesho.

Kalondu alipopata habari akaja nyumbani, hata hakuketi.

"Mama Rita, usitaje kioo."

"Kwani wewe nawe ulimwangalia?"

"Nani hakumwangalia? Lile bega lilikuwa na kelele kuliko mlio."

Tulicheka. Halafu akanishika mikono. Ukitaja kioo, wataziba, watuite sote tena. Huko uwanjani hakuna nafasi ya wote. Wewe una Rita ameajiriwa. Mimi nikifeli, ni nyumbani, na wanangu bado wako shule.

Alitaka niahidi. Sikuahidi, sikukataa. Nilijifanya sijasikia.

Alhamisi, 14 Machi
Niliomba kiti kigeuzwe. Nikasema mwanga wa kioo unaniumiza macho. Uongo, Bwana anisamehe. Nikaelekea ukutani.

Mvumo ukaja. Ndani yake mlio — au ni ule wangu wa kichwani, usiolala? Nikabonyeza. Nikangoja uishe niachilie. Haukuisha. Nikabana kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Munir akaingia, akakiinua kidole changu taratibu.

"Mama, bado sijawasha kitu."

Tukarudia. Ikawa vilevile. Sasa ana karatasi mbili, moja inaikana nyingine. Anasema akipeleka hivi, kampuni itasema najifanya kiziwi ili nikwepe mashine, na huenda ikanifukuza kazi. Anataka kunisaidia. Akakaa mbele yangu, akasema polepole nimwone midomo: "Niambie ukweli, mama. Ile Jumatatu ulisikiaje?"

Nikaomba kwenda msalani. Sikwenda. Niko kwenye benchi la nje, naandika. Nikisema, Kalondu ameisha. Nikinyamaza, narudi korona mpaka nisisikie hata jina la Mungu likitajwa.

Munir amefungua mlango. Midomo yake inasema, Mama Rita. Inasema tena.

Naendelea kuandika, kama mtu ambaye hajasikia —