Swichi Nyekundu ya Mashine ya Mkunya

Mpendwa Mama,

Mashine yako ya kusaga hapa Mkunya imewaka tena. Nakueleza wewe, na wenye mashine wengine wasikie.

Unakumbuka ulivyonifundisha kumimina makopa, ile mihogo mikavu, taratibu? Ulikuwa ukiimba, lakini kwa ngurumo ya injini mimi niliona midomo tu. Ndivyo nilivyoiona siku ile mkanda uliponasa kanga yako. "Zima!" midomo yako ilisema. Nikakimbilia waya wa kuvuta kwa mkono ili kukata mafuta. Ukakatika. Mpaka nilipoizima injini kwa kuiziba njia yake ya hewa kwa gunia, mkono wako wa kulia ulikuwa umeshasagika. Uliishi miaka sita bila mkono huo, wala hukunilaumu hata siku moja. Nilijilaumu mwenyewe.

Baada ya kukuzika, Mjomba alisema, "Iuze. Mashine hiyo imeshatula."

"Siiuzi, Mjomba. Nitaifanya isimame inapotakiwa."

Nilishuka Masasi nikanunua solenoidi, kidude cha umeme kinachofungwa kwenye pampu ya mafuta. Kikipata umeme wa betri, mafuta yanapita. Kikiukosa, yanafungwa na injini inazimika. Nikavuta waya kutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi hadi swichi nyekundu ya kukata umeme, kisha hadi kwenye kidude. Swichi nikaifunga pale anaposimama mmiminaji, usawa wa bega, ili hata mwenye mikono iliyonaswa aweze kuibonyeza.

Jaribio la kwanza, kimya. Nikakaa chini, machozi yakinilenga. Kisha nikakigusisha kidude chenyewe moja kwa moja kwenye betri: tak! Kumbe ni kizima, kasoro iko njiani. Nikaufuata waya kipande kwa kipande, nikakuta ule wa ethi, wa kurudisha umeme kupitia chuma cha injini, nimeufunga juu ya rangi. Nikakwangua hadi chuma kikang'aa, nikakaza. Tak!

Nikawasha injini. Mjomba alisimama mlangoni, hataki kuingia.

"Shikamoo, Mjomba. Njoo uizime wewe."

"Marahaba." Akaja polepole, akabonyeza kwa bega. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Washa tena," akasema.

Tuliizima mara kumi. Kesho yake akaleta wavu wa chuma, tukaufunika mkanda.

Kinachoniuma, Mama, ni kwamba kidude hiki kilikuwepo madukani miaka yote ile. Hatukuuliza tu.

Sasa nimeweka sharti: anayeleta mahindi au makopa, kabla sijamsagia, lazima aizime mashine kwa mkono wake. Wenye haraka wananung'unika. Juzi Mama Zuhura alibeba ndoo yake akaenda kusaga kwingine. Sikumwita. Leo asubuhi amerudi, akanyoosha mkono akabonyeza.

Pumzika, Mama. Kazi ninayo mimi.

Kitindamimba wako