Kisigino cha Gawlik

Burbank, California
3 Oktoba 1976

Mdogo wangu Bronia,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Walenty, na hilo goti lako lililopasuliwa nalo nalisalimu, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua mtoke au msitoke. Mimi ni mzima. Meno yamebaki tisa, lakini miguu ipo, na ngazi za jengo hili napanda bila kushika ukuta wakati vijana wa ghorofa ya pili wanahema. Redio ilisema mvua ya Septemba ilizikuta zabibu zenu zikiwa bado zimeanikwa. Poleni sana. Nieleze mliokoa kiasi gani.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na imenichukua siku nne. Bi Haggerty wa mlango wa pili alijitolea kuniandikia, akasema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga wino. Nikamkatalia. Mtu anayejua vizuri zaidi barua zako zinafika lini kuliko unavyojua mwenyewe, huyo si wa kumpa siri. Bahasha nimeibandika gundi mara mbili. Ukiikuta imebandikwa mara tatu, ujue ni yeye.

Bronia, kwa wiki tatu nimekudhania vibaya. Zile simu zilizolia Jumapili mbili mfululizo nilijua ni wewe, nikakaa kwenye kiti nikazitazama mpaka zikanyamaza. Nitakueleza kwa nini.

Mwanzoni mwa Septemba alikuja hapa binti mmoja anaitwa Corinne Bascom. Amevaa suruali, nywele fupi, begani amening'iniza kinasa sauti kikubwa kama sanduku la fundi bomba. Alisema anatoka chuo kikuu, kwamba wanakusanya habari za watu waliofanya kazi kwenye zile picha za sinema za dansi na nyimbo kabla hatujafa sote. Alilisema hivyohivyo, bila haya. Nilimwacha mlangoni muda mrefu. Nilimuuliza nani kampa anwani yangu, akasema kitabu cha simu. Nikamuuliza mbona mimi na si wengine, akasema wengine wameshakufa. Jibu hilo nililipenda kidogo, nikamfungulia.

Nilimweleza kazi, na wewe unajua mimi nikieleza jambo limeelezwa. Nilimwambia watu wanadhani Alton Merrick alipokuwa anaruka mezani na kushuka ngazi kwa viatu vilivyopigiliwa vyuma kwenye soli, mlio ule waliousikia ni wake. Wapi. Pale anapopigwa picha kuna mafundi wanapiga kelele, taa zinanguruma, mwalimu wa dansi anahesabu kwa sauti, hakuna mlio unaofaa. Picha ikishamalizika, ndipo mtu kama mimi anaingia chumba cha sauti, anasimama juu ya ubao, anaitazama picha ukutani na kuupiga kila mguu upya, sambamba na miguu ya bwana mkubwa, asikose hata mmoja. Miaka kumi na miwili, picha kumi na tisa, mimi ndiye niliyekuwa miguu ya Alton Merrick. Yeye alikuwa na uso. Nilimwambia hivyo akacheka, akaandika.

Halafu akauliza habari za ngazi.

Nilijua atauliza. Wote huuliza. Ile picha ya mwaka thelathini na saba, Merrick anashuka ngazi ishirini na mbili nyeupe, na kila ngazi kisigino kinagonga mara mbili, pigo halafu kivuli cha pigo, kama mtu anayebisha hodi huku anaona haya. Nchi nzima walijaribu kuiga. Wachezaji wakakiita kisigino cha Gawlik, maana walijua kwenye studio ile miguu ni ya nani. Mimi mwenyewe nilikifundisha miaka ishirini na nane kwenye ukumbi wangu hapa Burbank. Corinne akasema chuo kitaionyesha picha ile tarehe kumi na sita Oktoba, na baadaye wangependa nipande jukwaani, wanituze, niwaonyeshe kisigino hata kidogo tu. Nikasema hata kikubwa nitawaonyesha.

Aliporudi mara ya pili alileta keki ya plamu. Hapo nikaanza kuwa macho. Mtu asiyekujua anayeleta keki ana jambo. Na kweli, kabla hajamaliza chai akauliza kama bado ninavyo vile viatu vya ngazi, angependa kuviona. Nikasema viliungua. Akasema pole, lakini macho yake yalienda moja kwa moja chini ya kitanda, mahali sanduku lilipokuwa. Alipoondoka nilibadilisha kufuli. Sanduku nikalihamishia ndani ya oveni, kwa sababu tangu Halina wangu afariki sijaiwasha. Nilisikia kuna watu wanaiba vitu vya zamani vya studio na kuwauzia matajiri. Nikamuuliza hata Bi Haggerty kama amemwona binti mwenye kinasa sauti akizungukazunguka uani. Akasema anayezungukazunguka uani ni mimi.

Mara ya tatu ndipo jina lako lilipotajwa. Corinne alikuja na karatasi ya orodha ya wafanyakazi, akasema mwaka ule studio ilikuwa na kina Gawlik wawili, mmoja sauti, mmoja chumba cha mavazi, je, ni ndugu? Nikamwambia huyo alikuwa mdogo wangu, alikuwa anashona shanga, akaolewa akaenda kulima zabibu, hana la kukwambia. Nilisema haraka mno. Akaniangalia, kisha akazima kinasa sauti chake. Nikajiambia basi, Bronia kasema. Bronia kampigia huyu mtoto simu kutoka Fresno, kamweleza ile Jumapili. Usiku ule nilikutukana kwa Kipolishi na kwa Kiingereza. Nilisema amengoja miaka thelathini na tisa mpaka siku wanataka kunituza, ndipo afungue mdomo.

Jumatano iliyopita Corinne alinichukua kwa gari lake mpaka chuoni. Nilienda ili nimkamate. Nilidhani huko nitakukuta wewe umekaa, na goti lako. Chumba kilikuwa kitupu, viti na mashine tu. Akanionyesha zile ngazi mara moja, sauti na picha pamoja. Merrick kijana, anateremka, anatabasamu. Halafu akasema anataka nisikilize tena, safari hii sauti peke yake. Akafunika tundu la mashine kwa mkono wake, ukuta ukawa mweusi, nikasikia miguu bila kuiona.

Akasema, "Mzee Gawlik, nimeisikiliza hii mara mia. Aliyecheza hapa alivaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Kisigino kinainuka, kiatu kinachelewa, ndiyo maana kinagonga mara mbili. Wewe uliazima viatu siku hiyo?"

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayekuuliza uliazima mwavuli. Hakujua lolote, Bronia. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa na masikio, basi. Mlango wa kutokea aliniachia wazi kabisa mbele yangu: niseme ndiyo, niliazima, tucheke, anirudishe nyumbani, na tarehe kumi na sita nipande jukwaani. Mdomo ulishafunguka kusema ndiyo.

Sikusema. Nilimwambia kuna mtu nalazimika kumwandikia kwanza. Na njia nzima ya kurudi nikawa nafikiri kwamba nimekudhania bure, kwa sababu mtu hawezi kufichua asilolijua. Wewe hujui, mdogo wangu. Unaijua Jumapili yenyewe. Hujui kilichofuata.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka nilivyoumia. Niliruka kutoka paa la karakana ya maseremala kwa sababu mmoja wao alisema miguu yangu ni ya chumbani tu, na kifundo kikavimba kama mkate. Picha ilikuwa inaondoka studio Jumatatu kwenda kuonyeshwa. Nikakuleta wewe Jumapili kwa mlango wa nyuma, Bwana Pruitt wa sauti peke yake ndiye aliyejua, naye alikubali kwa sababu hakuwa na la kufanya. Wanaume tulikuwa tunapiga miguu ya wanawake kila siku, hakuna aliyeshangaa. Mwanamke kupiga miguu ya mwanamume halikuwepo. Pruitt akasema mlio lazima uwe mzito, viatu vyako havifai. Ukavaa vyangu, ukajaza magazeti kwenye ncha. Na kabla hujaanza ukaniambia, "Kaka, usinitazame, nitakosea." Nikageuza kiti, nikakaa uso ukutani nimeushika mguu wangu, nikasikiliza.

Mara ya tatu ulipomaliza, ukatoka nje kunywa maji. Pruitt akavua vile vya kusikilizia masikioni, akaniambia, "Florian, huyu asirudi kwenye shanga. Kesho mlete, nitamwekea ubao wake."

Wewe ulikuwa umemwambia Walenty asubiri jibu lako mpaka ujue kama studio itakuchukua. Ulikuwa umeniambia mimi tu. Uliporudi kutoka kunywa maji ukanikuta koridoni, ukaniuliza amesemaje. Na mimi nikakwambia amesema miguu yako inalia kama mbuzi juu ya bati. Nikakwambia amefuta yote, na usiku nitafunga mguu bandeji niirudie kazi mwenyewe. Ulitikisa kichwa mara mbili, ukainama ukavua viatu, ukanipa. Hukulia. Ungelia labda ningesema.

Sikurudia kitu, Bronia. Sikuugusa ubao. Zile ngazi ni zako, zote ishirini na mbili. Pruitt aliponiuliza Jumatatu uko wapi, nikamwambia umekataa, unaolewa. Kesho yake ulipomjibu Walenty ndiyo, uongo wangu ukawa kweli, nikajiambia basi, imekwisha.

Uliiona picha mara moja, Fresno, ukaniandikia, "Kaka, umeirudia vizuri kuliko mimi." Barua hiyo ninayo. Nilidhani unanicheka. Nimekuwa nikiisoma miaka yote nikitafuta mahali uliponicheka, sijapaona.

Unataka kujua kwa nini. Walenty ni mtu mwema na sisemi ulipata maisha mabaya, lakini hukuyachagua ukiwa unajua, na hilo ni langu. Mimi nilikuwa bingwa tangu nina miaka tisa, kwenye ghala la kanisa kule Scranton, mama akishikilia taa. Sikuwahi kushindwa na mtu. Halafu nikakaa nimegeukia ukuta nikasikia miguu mizuri kuliko yangu, ya mtu niliyemfundisha mimi, ndani ya viatu vyangu. Hiyo tu. Sababu nyingine sina, na hii nimeitafuta tangu Jumatano.

Na kisigino chenyewe sikukiweza kamwe. Miaka ishirini na nane nilikuwa nalegeza kamba za kiatu kwa siri kabla ya darasa ili kisigino kichelewe, na kila mara nilisikia mwenyewe kwamba sicho. Nikawa nawagombeza wanafunzi.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Usishtuke kwa harufu, kimekaa ndani ya oveni. Ni vile viatu. Magazeti bado yamo kwenye ncha kama ulivyoyakunja, sijayatoa hata siku moja, na ndiyo sababu sikutaka binti wa watu aviguse. Angeyaona angejua yote. Sasa na wewe umejua.

Tarehe kumi na sita saa moja jioni nitakuwa chuoni, uje usije. Nitapanda jukwaani na viatu vyangu vya kanisani, nitasema haya niliyokuandikia, kwa mdomo, na sitacheza. Nilitaka usiyasikie kwanza kutoka kwa mgeni mwenye kinasa sauti. Corinne amesema kiti cha mbele kitaachwa wazi. Hajui ni cha nani, nimemwambia tu aache. Kama hutaki kuniona, mwambie Walenty akulete, mimi nitakaa nyuma na nitageukia ukuta, kazi hiyo ninaiweza. Na kama unataka jina la kile kisigino libadilishwe, sema, ingawa nimelifikiria sana naona hawakukosea sana. Siku ile wewe pia ulikuwa Gawlik.

Lakini hatua ya kwanza nilikufundisha mimi, ghalani, na hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote.

Msalimie Walenty, na watoto, na wajukuu ambao majina yao nachanganya. Ukinipigia Jumapili nitapokea. Bi Haggerty atasikiliza ukutani, mwache asikie.

Ni mimi kaka yako,

Florian Gawlik,
aliyekuwa miguu ya Alton Merrick, isipokuwa kwenye ngazi