Taa Nilizomfungia Baba

Jumatano, Nachingwea. Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya msimu wa ufuta, unavaa sweta alfajiri na saa nne unaivua. Sasa jua linazama, nimekaa barazani, na vidole bado vinanuka waya ulioungua. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa sola. Nafunga paneli na taa za majumbani, huku Nachingwea na kule Ruangwa. Baba yangu anaishi Nandagala, na hajawahi kukutana na mtu asimwambie kwamba binti yake ni fundi. Ana landrova fupi iliyonizidi umri. Ndani ya gari hilo ndimo alimonifundisha kuendesha, akinishikia usukani kwa kidole kimoja.

Kabla ya mavuno, taa moja ya mbele iliungua. Zile taa za zamani kioo na balbu ni kitu kimoja, ikifa unaitupa yote, na siku hizi kuzipata ni kazi. Nikamshauri baba tufunge za haloji, zenye balbu inayochomoka na mwanga mkali zaidi. Nilizifunga mwenyewe. Waya wa zamani ulikuwa umetafunwa na panya, nikaung'oa, nikapitisha waya mwingine uliobaki kwenye kazi zangu za sola, mwekundu na mweusi, nikaubana vizuri hadi ukapendeza. Baba alileta kiti akakaa kunitazama.

Wiki ya pili akanipigia simu. "Mama, taa zako nzuri, ila barabara siioni sawasawa." Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nikamjibu, baba, taa ni mpya hizo, macho ndiyo ya zamani.

Nilicheka kabisa.

Siku chache baadaye, magharibi, akirudi kutoka Ruangwa mjini, aliigonga baiskeli kwa nyuma. Mwenye baiskeli, mtu wa Matambarale, alivunjika mkono wa kulia huku ufuta wake ukiwa bado umesimama shambani. Baba alimpeleka hospitali mwenyewe. Kesho yake akachukua mundu akaenda kumkatia ufuta wake, siku nne mfululizo.

Kwetu Wamwera jambo zito la nyumbani husemwa mbele ya mjomba, kaka yake mama. Mjomba akaitisha kikao. Mkeka ukatandikwa, baba akakaa mbele ya shemeji yake kama mshitakiwa, akaeleza kwamba taa zilikuwa hafifu. Mjomba akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Taa zina nini?"

Nilikuwa nimeshapima. Nilichomoa balbu, nikagusa ncha za waya kwa mita, ikasoma volti kumi na mbili na kitu, umeme wote wa betri. Nikasema mbele ya mama, mbele ya shangazi, mbele ya yule mtu mwenye mkono uliofungwa: taa hazina tatizo, ni macho. Hata neno "labda" sikulitia.

Baba alitoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka kwenye mkeka. Mjomba akauokota, akanipa mimi, nibebee paneli zangu kuliko gari lioze. Kwa hiyo kikao kile, ukiondoa maneno, kilinipatia gari.

Tangu siku ile baba amezeeka. Mama anasema ameacha kusoma Kurani baada ya swala ya alfajiri, ati macho yamekwisha. Anakaa tu. Zamani alikuwa akisoma hadi chai inapoa, na mama akinung'unika.

Mimi mwezi mzima nimeliendesha gari lile mchana tu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuondoka kabla hakujapambazuka, kwenda kwa mteja Narung'ombe. Kulikuwa na ukungu. Nilikuwa natambaa, na bado kina mama watatu wenye majembe begani niliwaona wakiwa tayari ubavuni mwa gari. Mmoja alirukia majanini.

Nikasimama, nikashuka, nikawaomba radhi. Yule mkubwa wao alikuwa akijikung'uta vumbi taratibu.

"Mwanangu, huna taa?"

"Ninazo, mama."

Akazunguka mbele ya gari, akazitazama. "Hizi?"

Zilikuwa za njano iliyofifia, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Na mimi nina miaka thelathini na nne na macho yangu hayana kasoro. Kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa waya. Macho yangu sikuyawazia hata kidogo. Mkuki kwa nguruwe. Alipokuwa baba, nililaumu macho. Nilipokuwa mimi, nikatafuta kosa kwenye taa.

Kulipokucha nikapima palepale kando ya barabara, safari hii balbu ikiwa mahali pake na inawaka. Kwenye betri, kumi na mbili na kitu. Kwenye balbu, tisa. Nilipoushika ule waya wangu mzuri mwekundu, ulikuwa wa moto.

Nalijua jambo hili. Ndicho kinachoniuma. Waya usio na mzigo, yaani hauwashi kitu, hata uwe mwembamba kama uzi, mita itakuonyesha umeme wote. Mzigo ukija ndipo umeme unapungukia njiani. Lakini nimezoea taa za sebuleni, ambazo hazili kitu, na waya ule unazitosha. Balbu moja ya haloji inakula kuliko taa zote za nyumba ninazofunga kwa siku. Nilifunga taa za gari kama nafunga taa za sebule, kisha nikaenda kikaoni kuapa kwa mita.

Nilimwomba mteja radhi, nikarudi Nachingwea. Nikang'oa kila kitu. Nikafunga rilei mbili, swichi zinazoamshwa na umeme mdogo, na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake, ili swichi ya zamani ya kwenye dashibodi ibaki na kazi ya kuziamsha rilei tu, isibebe umeme wote yenyewe. Nikakwangua rangi hadi chuma kitupu pale unapokazwa waya wa bodi, ule wa kurudisha umeme. Saa saba nikaziwasha, nikapima zikiwa zinawaka, kumi na mbili. Ukuta wa jirani, pale penye kivuli, ukawa mweupe mchana kweupe.

Kazi ya asubuhi moja. Baba amekaa mwezi mzima.

Nikaendesha hadi Nandagala. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, bila kuruka kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule waya mwekundu?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Nilikuuliza siku ile kama hautakuwa mwembamba."

Sikumbuki kuulizwa. Lakini baba hana tabia ya kutunga, na mimi nina tabia ya kutosikia nikiwa kazini.

Nikamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili. Hakuupokea.

"Ufunguo huu sikukupa wewe, mama. Niliutoa kikaoni." Akaendelea kuchonga.

Nilikaa kidogo. Simu yake ikalia ujumbe, akanipa nimsomee. Nikamwomba ajaribu kwanza, maandishi ni makubwa. Akanitazama vizuri, kwa macho hayohayo, akasema, "Fundi alishasema." Sikujua kama ananitania. Nilisoma ule ujumbe, ulikuwa tangazo tu la kampuni ya simu.

Inawezekana kweli macho yake yamepungua. Ana miaka sabini na kitu, nitampeleka yakapimwe na mwenye kazi yake. Lakini hilo nalo nimegundua ni ujanja. Nikiliandika tu najisikia nafuu, na sistahili nafuu bado. Mtu mmoja alivunjika mkono kwa waya wangu. Mwingine nimemfundisha kuwa kipofu, naye kwa kunipenda akajifunza.

Kabla ya kufungua ukurasa huu nilimpigia mjomba. Nikamwomba aitishe kikao Ijumaa baada ya swala, watu walewale, mkeka uleule, na yule wa Matambarale asikose.

Kisha akauliza, "Safari hii kikao cha nani?"

"Changu, mjomba."