Nyati Hakuchomwa Sindano

Mama,

Jana tulimaliza arobaini yako. Nilidhani hasira itapungua. Haijapungua.

Watu walipomaliza kula, Mjomba, kaka yako, alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Niliwaambia. Uvimbe haukuwa na neno mpaka walipouchoma sindano ya kupima. Wameutawanya wenyewe." Watu wakatikisa vichwa. Unajua kwetu Waluguru neno la mjomba halijibiwi, tena na binti wa kidato cha tatu ambaye hata darasani hujibu kwa kunong'ona. Lakini nilimwona Mama Mdogo akivuta khanga yake kifuani. Naye ana uvimbe kwenye titi, Mama. Alinionyesha wiki iliyopita. Mjomba ameshamkataza hospitali na kumpa majani yale yale uliyobandika wewe miezi saba.

Nikamkumbuka nyati. Likizo ile uliponiingiza kazini kwako, kwenye chumba cha kuchunguzia mizoga, viungo vya nyati mzee aliyekutwa amekufa porini vilikuwa mezani. Uliosha ini, ukanionyesha uvimbe mkubwa kama embe dodo. Kisha ukafungua mapafu, na yalikuwa yamejaa vipunje vya rangi ile ile. "Damu ikitoka kwenye ini inapita moyoni, halafu mapafuni," ulisema. "Seli zinabanduka, zinachukuliwa na damu, zinashuka pale zinapokwama. Zinahama kama sisi tulivyohama kutoka kijijini Mlali, mmoja anatangulia, wenzake wanafuata." Nilicheka, ukanikanya nisicheke mbele ya mzoga. Halafu ukasema, "Nyati haendi hospitali. Kwake unaiona safari yote mpaka mwisho."

Ulijua yote hayo na bado ukamtii kaka yako. Hilo sijui nitakusamehe lini.

Kwa hiyo nilisimama. Sikumpa hata shikamoo. Nilisema nyati yule hakuguswa na sindano wala kisu akiwa hai, na saratani yake ilifika mapafuni yenyewe. Nikasema wewe ulianza kukohoa miezi miwili kabla ya ile sindano, Mjomba akiwa bado anatwanga majani yake. "Hukumtibu dada yako," nilimwambia. "Ulimchelewesha." Mzee mmoja akanikaripia, "We mtoto, kaa chini." Bibi akamjibu, "Mwache amalize, alikuwa mama yake." Sikuweza kumalizia. Nililia, nikakaa.

Nilitaka aumie, nakiri. Nilipoona midomo ya Mjomba inatetemeka nilisikia raha, na mpaka sasa sijatubu. Padri akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Baadaye Mama Mdogo alinifuata nikiosha masufuria. Alichukua moja, akalisugua muda mrefu ingawa lilikuwa safi. Kisha akauliza, "Jumatatu una shule?"

Nikasema sina. Ninayo, Mama, tena nina mtihani wa jiografia. Lakini Jumatatu tutakwenda hospitali wawili, na wakimchoma sindano nitamshika mkono.

Sitaki Mjomba afe, wala sitaki augue. Nataka aishi miaka mingi, na kila ukoo ukikutana amkute Mama Mdogo ameketi mbele yake, mzima, amezeeka, anamtazama. Hicho ndicho kisasi changu.

Lala, Mama. Wewe Mjomba alikupata. Huyu hampati.

Mwanao,
Rehema