Gari Yako Bado Inasimama

Baba Yasini,

Sitakusalimu kwa kulia. Nimelia ya kutosha, na wewe kelele hukupenda. Nakuandikia kwa sababu hapa Koboko wanasema nimeiba gari yako, na nataka usikie kwangu kwanza. Ni kweli, nimeichukua. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kitenge, na nikilala unanichoma mbavu. Wacha unichome.

Anayeshika kalamu ni mjukuu wako Zainabu, maana mimi na shule hatujuani. Ninasema Kiswahili chetu, kile ulichorudi nacho toka jeshini, ambacho mimi Mlugbara na wewe Mkakwa tulitongozana nacho. Zainabu anacheka. Andika, mtoto, babu yako anajua.

Mzee wangu, unakumbuka mwaka wa kukimbia? Ile sabini na tisa, serikali imepinduliwa, njia ya kwenda Kaya mpakani imejaa watu na vifurushi, ukasimamisha pikapu, ukashusha kitanda changu cha chuma, ukakiacha kwenye majani. Ukapandisha wazee ambao hatukujua hata majina yao. Nilikutukana mpaka tukaingia Sudani. Wewe ulisema tu maneno yako yale, "Nafasi iko, panda." Na tuliporudi nyumbani ukang'oa mpini wa kupandishia kioo upande wa abiria, ili mtu akikuita toka njiani asikute kioo kimefungwa. Vumbi la barabara ya Arua nimelila mimi kwenye kiti kile miaka yote. Nilikwambia una wazimu. Bado nasema hivyo.

Sasa sikia ya mwanao.

Yasini alikuja toka Kampala kukuzika, akabaki mpaka arobaini. Usiku alinieleza maisha ya kule. Anaamka giza, anasimama stejini, mvua inamnyea, teksi zinapita zimejaa, anafika ofisini viatu vina matope na wenzake wanashuka kwenye magari yao wakiwa wakavu. Mkubwa wake akamwambia mbele ya watu kwamba mtu wa cheo chake hagombanii kiti na wauza ndizi. Kwa hiyo anataka gari ya baba yake. Nilimsikiliza, Baba Yasini. Si mtoto mbaya. Akaniambia nikienda kutibiwa magoti Kampala nitakaa mbele kama mama wa waziri. Na mimi, nikwambie ukweli, nilijiona nimekaa. Nilikwisha sema ndiyo moyoni.

Akaipeleka gari Arua, kwa fundi mmoja chini ya Arua Hill. Ikaoshwa, ikapakwa rangi, ikawekewa mpini mpya wa kioo. Siku ya arobaini yako akairudisha na rafiki zake wawili, kioo juu, kanda inaimba ndani.

Dada yako Khemisa alikuwa anatoka Lobule kwa miguu, kikapu cha simsim kichwani, kuja kukusomea dua. Aliisikia gari kwa mbali. Unajua anavyoijua sauti yake, inavyokohoa kwenye mlima. Akatua kikapu kando ya njia, akajipangusa uso, akanyoosha mkono. Nyuma hapakuwa na hata gunia moja. Gari ikampita.

Alifika sisi tumekwisha kula. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Akanawa, akakaa mkekani na wanawake, hakugombana na mtu. Aliuliza tu, "Wifi, kaka yangu amekufa mara ngapi?"

Yasini akaja akapiga magoti mbele ya shangazi yake, jasho linamtoka, na ninaamini alikuwa na haya ya kweli. Akasema, "Shangazi, sikukutambua. Nilidhani ni mutu tu."

Mutu tu.

Ningemzaba kofi kama si arobaini yako. Wale wazee wa Kaya walikuwa nani? Kitanda changu kililala kwenye majani kwa ajili ya nani, kama si mtu tu? Nikaenda kwenye gari, ufunguo bado umo, nikauchomoa.

Wazee wakaanza. Gari ni ya wanaume. Mwanamke hajui hata kuiwasha. Shehe akasema kwa upole kwamba sheria inanipa fungu moja katika nane, mengine ni ya watoto. Nikasema sawa, sheria ya Mungu siibishii. Ikateni basi gari vipande vinane, mimi nipeni usukani. Yasini aende Kampala na vilivyobaki, naye atakuwa na gari kama wenzake. Mabinti zako wakasema fungu lao liende kwa mama. Wazee wakaangalia viatu vyao. Khemisa ndiye aliyecheka kwanza, na akicheka yule unajua hakuna mtu anayeweza kushika uso.

Yasini alirudi Kampala na basi. Nilimsindikiza mimi mpaka Arua, nikamfungia kuku na mihogo, nikamwambia, mwanangu, mvua ya stejini haijaua mtu, lakini kupita watu kutakuua wewe ukiwa hai. Siku utakayonunua gari yako kwa jasho lako, funga kioo ukitaka. Hii hapana. Nilimkumbatia hivyo hivyo, ameganda kama gogo. Mpaka leo amekasirika. Lakini juzi alimtuma kondakta wa basi kuniuliza kama oili inabadilishwa.

Inabadilishwa. Mkwe wetu Ratibu ndiye anayeendesha, Koboko na Arua, Arua na Koboko. Mwenye nauli analipa, na mjamzito wa Lobule anapelekwa hospitali bila kuulizwa kitu, kama ulivyofanya. Mpini wa kioo niliung'oa mwenyewe kwa koleo, nikaumia kidole. Kiti cha mbele ni cha Khemisa siku akitoka. Siku nyingine ni changu, na vumbi ninalila tena, na ninakutukana tena, njia nzima.

Pumzika, mzee wangu mkaidi. Magoti yangu yanaisha, sitachelewa sana kukufuata. Nimekwisha mwambia Ratibu: siku hiyo anilaze nyuma, anilete Lobule ulikozikwa, kando yako, na mtu yeyote atakayenyoosha mkono njiani, asimame. Mimi nitasogea. Nafasi iko.

Ni mimi,
Mama Yasini